Dirisha la Kumi

Kikokotoo si chetu. Ni cha shule,
kina kibandiko cha namba arobaini na moja
na mfuniko uliopasuka kabla hatujahamia Lewiston.
Nsimire ameapa kukirudisha Ijumaa.
Kikipotea tutalipa dola mia,
kwa hiyo kinalala juu ya friji, mbali na soda,
kama mgeni anayeogopewa.

Nje theluji imefunika ngazi ya moto.
Bomba la hita linagonga ukutani bila mpangilio.
Swali la sita: chora
eksi kipeo cha tatu, toa eksi mara kumi na mbili.

Anabonyeza. Kwanza hakuna kitu,
mihimili miwili tu imepishana kwenye kioo cha kijivu.
Kisha nukta, na nukta, na nukta:
siafu wanapanda upande wa kushoto,
wanafika dari, wanatoweka.
Kimya.
Wanachomoza tena juu, karibu na katikati,
wanashuka mbio, wanapita sifuri bila hodi,
wanazama sakafuni.
Halafu kulia, wanapanda.

"Shangazi, ni mistari mitatu."
"Ni mmoja."
"Hesabu mwenyewe. Mitatu. Na haigusani."

Na kweli, kwa macho, haigusani.
Ningekuwa mwanafunzi ningeandika mitatu,
nikapata sifuri kwa uaminifu wangu.

Nilifundisha hii Nyarugusu, miaka sita,
ubao wa maboksi uliopakwa unga wa betri kuukuu,
watoto tisini, rula moja.
Hatukuwa na vitufe. Tulikuwa na jedwali:
hasi tatu inazaa tisa,
hasi mbili inazaa kumi na sita,
hasi moja, kumi na moja,
na hapo Bisimwa wa nyuma kabisa akasema,
"Mwalimu, imeanza kuchoka,"
na mpaka leo sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi
jinsi mlima unavyogeuka.
Namba zilipozidi kimo cha ubao
tuliendelea ukutani. Chaki ikala udongo.

Namwonyesha pa kubonyeza.
"Dirisha lako ni la kumi. Juu kumi, chini kumi.
Mashine haina kosa,
imekuonyesha ulichoomba.
Weka ishirini."

Anaweka, midomo ikihesabu.
Siafu wanaanza upya, na safari hii
wanafika kileleni mbele ya macho yetu,
wanapunguza mwendo, karibu wasimame,
wanageuka, wanateremka hadi bondeni,
mbili, hasi kumi na sita,
wanageuka tena
na kupanda mpaka hatuwaoni.

"Kumbe ulikuwa umeungana huko nje,"
anasema Nsimire.
Haongezi. Anatazama simu,
pale ujumbe wa Jumapili kwa baba yake
una tiki moja tu, ya kijivu.
Kule sasa ni saa kumi alfajiri.

Maneno yalinijia, mazuri, ya kishangazi,
yamepigwa pasi tayari.
Nikayameza.
Kipeo cha tatu hakijui habari zetu
na mtoto ana mtihani.
"Bado la saba," nikasema.

Sasa amelala, kalamu ingali mkononi.
Kikokotoo nacho kilijizima chenyewe
kama kilivyofundishwa kubana matumizi.
Nimekiwasha: mstari upo palepale, mzima.
Lakini mimi ni mtu wa jedwali.
Nimechukua bili ya umeme, nikaigeuza,
nikajaza kwa penseli, moja baada ya nyingine.
Mbili: hasi kumi na sita.
Tatu: hasi tisa.
Nne: kumi na sita.

Hakikudanganya.
Nimekirudisha juu ya friji.